Mrehani wa Dirishani

Mpaka leo mie siwezi kuula mrehani. Wanangu wananicheka. Siku hizi Riyadh kila kona kuna mkahawa wa Kitaliano, na binti yangu mdogo akiagiza ile mikate yao ya jibini huletwa imetandazwa majani mabichi juu. Mie nayaokota moja moja nayaweka pembeni ya sahani. "Mama, majani tu haya," ananiambia. Najua ni majani. Nimeyachuma kabla yeye hajazaliwa. Lakini kwetu sisi mrehani unavaliwa. Unatungwa na asumini, unafanywa kikuba, unachomekwa kwenye nywele au unabanwa kifuani kwa pini, mwanamke akipita watu wajue amepita. Kuutafuna mie naona sawa na kutafuna kanga ya harusi.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Dirah kutafuta ndimu. Muuza mboga mmoja, Mbangali, kafungua kreti ya mrehani mbichi akaunyunyizia maji, na ile harufu ikanipanda puani nikasimama palepale na mfuko wangu. "Yalla, hajja, unanunua au unalinda?" kaniuliza. Nikamwambia subiri kidogo. Mie sikuwa Dirah wakati ule. Nilikuwa na miaka tisa, niko juu ya kilima Italia, kwenye jiko la mawe, mama yangu anaimba.

Najua mtasema, huyu naye, anakaa mtaa wa Manfuha kwenye chumba kinachovuja, eti Italia. Kaeni niwaeleze. Sikwenda kwa utajiri. Nilikwenda kama zilivyokwenda sufuria, kwa sababu zilihitajika.

Mama yangu aliitwa Salama. Aliletwa Jeddah kutoka Unguja akiwa msichana, wazee wake walipokimbia mapinduzi. Baba yangu naye alikuwa Mzanzibari wa Jeddah, akafariki mie nina miaka sita. Aliyebaki kutusimamia ni Ami Nassor, ndugu yake baba, mtu wa kanzu iliyonyooka na tasbihi isiyotulia mkononi. Yeye ndiye aliyempatia mama kazi ya upishi Riyadh, kwa watu anaowajua, nyumba moja ya mtaa wa Murabba. Bosi mwanamke akiitwa Madam Huda. Majina yao nayaandika makusudi. Wenzangu wakisimulia mambo kama haya husema mtu fulani, jamaa mmoja. Mie sina fulani. Ni Huda na ni Nassor. Na yupo wa tatu, nitamfikia.

Mumewe Madam Huda, ambaye sote tukimwita baba, alikuwa na kifua kibovu. Daktari kamwambia joto la Riyadh likianza aende kwenye vilima. Hoteli hakuzitaka, alisema sufuria zao zimepikiwa nguruwe na mvinyo unatiwa mpaka kwenye supu. Ndipo rafiki yake mmoja akamwambia kuwa Italia, katikati ya nchi, upo mkoa hauna bahari hata upande mmoja, vilima vitupu, na wakulima wa huko wanakodisha nyumba kwa wiki. Unapewa ufunguo, unajipikia mwenyewe. Umbria, ndiyo jina la mkoa, nimelijua ukubwani. Wakati ule tukisema kilimani tu.

Unajipikia mwenyewe. Kwa Madam Huda maana yake ilikuwa mama.

Basi mama akafungasha sufuria mpya, mchele, iliki, ndimu kavu, dele la kahawa, na mie nikachukuliwa ili Nuf, binti yao, apate wa kucheza naye. Tuliwakuta wenyeji hawapo. Ufunguo ulikuwa chini ya jiwe, mlango mzito wa mbao, ndani kimya na baridi kama ndani ya mtungi. Madam Huda alisimama sebuleni na mkoba wake begani.

"Wenyewe wako wapi?"

"Hakuna wenyewe," baba akamjibu. "Wenyewe ndiyo sisi."

"Na kahawa nani atatuletea?"

Baba alimtazama mama, mama kamtazama baba, na wote watatu wakaangua kicheko. Sikuwa nimepata kuwaona wanacheka pamoja kabla ya siku ile. Kwenye mlango wa kabati palibandikwa karatasi yenye orodha ya vyombo, sahani ngapi, uma ngapi, maana ukiondoka unatakiwa uviache kamili. Mezani tumewekewa bakuli la nyanya, chupa ya mafuta ya kijani kama dawa, na mkate mkubwa. Madam Huda akaumega, akasema mwokaji wao msahaulifu, hakutia chumvi. Kumbe huko mikate yote ndivyo ilivyo. Kila siku akiuonja tena, kama mtu anayempa mkosaji nafasi ya kujirekebisha.

Na dirishani, kwenye chungu cha udongo, mrehani.

Mama aliweka chini sufuria aliyoibeba. Akainama, akanusa, akasema kwa Kiswahili, hakumwambia mtu yeyote, "Mrehani." Akachuma kishada kimoja, akakaa amekishika. Halafu akakichomeka nywele zake nyuma ya sikio, chini ya mtandio.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Tangu baba yangu afariki, mama hakuwa amevaa mrehani, wala asumini, wala udi hajajifukiza. Eda ilikwisha zamani lakini yeye mwenyewe aliacha. Harusi zetu za Jeddah wanawake wakitunga vikuba, yeye akitunga vya wenzake, chake hana. Niliwahi kumuuliza, akaniambia, "Mrehani wa mwenye mume." Nikalishika neno lile kama mtoto anavyoshika neno. Sasa leo kauvaa. Nikajua kuna jambo.

Murabba jiko lilikuwa uani, chumba peke yake, chakula kinavuka ua kwenda ndani na mama havuki nacho zaidi ya kizingiti. Kilimani jiko lilikuwa katikati ya nyumba. Huwezi kwenda chooni bila kupita jikoni, huwezi kutoka nje bila kupita jikoni. Mlango wake ulifunguka moja kwa moja kwenye mtini na mizeituni, na mchana kutwa haukufungwa. Basi wote wakaishia pale. Baba akisoma gazeti la zamani kwenye meza ya jikoni. Madam Huda, ambaye Riyadh sijamuona hata siku moja ameshika kisu, akamenya maharage, kucha zake nyekundu zimejaa maganda, anamuuliza mama, "Hivi, Salama? Hivi?" Na mama anamwambia, "Polepole, madam, unayaonea." Mama yangu alimwambia bosi wake polepole. Na alikuwa akiimba. Sauti ile sijui Riyadh aliificha wapi.

Mwenye nyumba alikaa chini ya kilima, Bibi Assunta, mzee mfupi wa nguo nyeusi na aproni, mjane vilevile. Siku ya pili alipanda na mayai. Alipomuona mama na mrehani nyuma ya sikio alicheka mpaka akatafuta kiti. Akachuma jani moja kwenye chungu, akakata nyanya, akaliweka jani juu, akatia mafuta, akala mbele yetu na kumnyooshea mama kipande.

"Subhanallah," mama kaniambia. "Anakula kikuba."

Akaonja kwa adabu. Akageuka kuelekea sinki kulitema, ili asimvunjie mwenyewe moyo. Kesho yake Bibi Assunta alipanda tena na mayai ambayo hatukuyahitaji, na nyuma ya sikio lake, kwenye zile mvi, kachomeka mrehani. Walisimama mlangoni wanatazamana, vichwa viwili vyenye majani, hawana hata neno moja la kuzungumza pamoja, na walizungumza asubuhi nzima. Bibi Assunta akimshika mama mkono hapa, juu ya kiwiko, kama mtu na wifi yake.

Nilisema wifi makusudi, maana ndivyo nilivyoona mie. Bibi Assunta alikuwa na kaka yake, Pietro, mwanamume wa makamo, mkewe kafa. Baba alikataa nyama ya dukani, akataka kuku wazima achinje mwenyewe, na Pietro ndiye aliyewaleta. Jumatatu wawili, Alhamisi wawili, kawashika miguu, vichwa chini. Akifika mlango wa jikoni anavua kofia. Kwa Madam Huda havui hivyo, maana Madam Huda hatoki mlangoni. Anayetoka ni mama. Basi anavua kofia kwa mama, anatoa kuku, anasema neno moja la kwao, anateremka zake. Baba akiwapeleka nyuma ya nyumba, akielekea kibla. Alikuwa ameipima vizuri na ilipita sawasawa kwenye mnara wa kanisa la kijiji. "Mungu anajua ninaelekea wapi," akisema, na kukohoa, na kuchinja.

Mtoto wa miaka tisa aliyekulia kwenye harusi za Kizanzibari, mpe mambo haya ayajumlishe. Mrehani kauvaa. Wifi anakuja kila siku. Mwanamume anavua kofia na kuleta kuku wawili wawili. Mie hesabu yangu ilikuwa imekwisha. Mama anaolewa, nyumba hii itakuwa yetu. Ndiyo maana haina wenyewe. Ilikuwa ikitusubiri.

Sikumwambia mtu. Nilijilalia nayo tu moyoni, nachagua kitanda kitakachokuwa changu.

Mpaka siku ile na Nuf. Tulikuwa tumekaa chini ya dirisha la jikoni, kwenye kivuli, tunaponda tini mbovu kwa mawe. Nuf alikuwa mtoto mzuri akitaka, lakini joto lilikuwa limemchosha na nilikuwa nimemshinda mchezo.

"Mwakani sisi tunakuja," akasema. "Wewe huji."

"Kwa nini nisije?"

"Mama kasema mwakani atachukua Mfilipino, anajua kupika keki. Wewe na mama yako mtarudi Jeddah mkakae na samaki."

Sikulia. Nikamwambia, "Nyie ndiyo hamji. Sisi haturudi kabisa. Mama anaolewa na Pietro. Tunabaki hapa hapa, nyumba inakuwa yetu, na kuku watakuwa wetu, na mlango wa jikoni hautafungwa, na wewe ukija utabisha hodi, tukitaka tutakufungulia."

Nuf aliweka jiwe lake chini. Halafu kauliza, taratibu, "Kweli?"

"Wallahi."

Niliapa. Mtoto wa chuo cha Kurani, juzuu amma ninayo kichwani, niliapa.

Siku ile mchana Madam Huda hakuja kumenya kitu mezani. Kesho yake aliteremka kijijini na baba, ambako kulikuwa na simu, akarudi peke yake mbele, uso kama mlango. Hakumuuliza mama hata swali moja. Hilo ndilo nisilomsamehe. Mwanamke aliyekaa naye meza moja majuma matatu, ambaye kamfundisha kumenya maharage, hakuweza kumuuliza, Salama, ni kweli?

"Fungasha," akamwambia. "Kesho mnaondoka."

"Nimekosa nini, madam?"

"Nassor atakwambia."

"Nassor yuko Jeddah, madam. Wewe uko hapa. Niambie wewe."

"Halas, Salama."

Baba alikuwa kasimama mtinini anakohoa. Alikohoa kuliko siku zote. Sikumtia kwenye orodha yangu, lakini kikohozi kile nilikiona kilivyomsaidia.

Pasi zetu zilikuwa kwenye mkoba wa Madam Huda tangu Riyadh. Alizitoa asubuhi akampa mpwa wao aliyekuwa akisoma hukohuko Italia, aliyekuja kutupeleka uwanja wa ndege. Mama alivisugua vyombo vyote, akavihesabu kwa ile karatasi ya kabatini, moja moja, hata uma, asije akaambiwa na hilo. Bibi Assunta alipanda na mayai yake, akaona mabegi mlangoni. Aliweka mayai chini. Akaingia jikoni, akatoka na kile chungu chote cha mrehani, akampa mama mikononi. Madam Huda akasema mimea haipiti kwenye ndege. Mama akakirudisha dirishani, akakata kishada kimoja, akakiingiza ndani ya abaya. Njia nzima angani niliisikia harufu yake, kila akigeuka.

Ami Nassor alitupokea Jeddah. Hakunishika hata kichwa. Alimwambia mama maneno mawili, "Umetuaibisha," na naye vilevile hakuuliza. Kabla mwezi haujaandama kamuoza kwa rafiki yake, mzee Khelefu, nyuma ya Bab Makka, kuifunika aibu ambayo haikuwapo. Huyo Khelefu ni mtu aliyepiga. Alimpiga mama na alinipiga mie. Mie nilitolewa skuli ili nimsaidie mama, maana mkono wake mmoja haukupona sawasawa. Ndiyo maana mnaona herufi zangu zinavyokwenda. Sikio langu la kushoto halisikii. Nilitoka nyumba ile kwa kuolewa na dereva aliyenileta Riyadh, na namshukuru Mungu nilitoka hai. Mama alibaki mpaka Khelefu alipokufa.

Ami Nassor alikufa kitandani, watu wakamlilia na kusema alikuwa mtu wa kusimamia familia. Madam Huda yu hai. Nimepita mara mbili mbele ya nyumba ile ya Murabba, sasa imefanywa ofisi, jiko la uani limevunjwa.

Na wa tatu ni mimi. Nadhani mlikwisha kujua. Nassor alipokuwa hai nilimbebesha yeye mzigo wote, na alistahili, lakini chini ya mzigo wake ulikuwapo wangu. Mama hakuniuliza kamwe nani aliyesema. Miaka yote ile nikipokea ngumi za Khelefu nilikuwa nahesabu, hii yangu, hii yangu. Nikimuona mama anakunja ule mkono naangalia pembeni. Nilikuwa natamani ulimi wangu uwe umekatwa na lile jiwe la kuponda tini. Na pamoja na hayo, nisifiche, niliitamani ile nyumba. Naitamani leo. Niko Manfuha na miaka yangu hamsini, nikifunga macho naujua mlango wa jikoni unavyolia.

Mama kafariki mwanzo wa baridi hii. Mwezi mmoja kabla, nilipanda basi kwenda Jeddah kumuona, na asubuhi ya kuondoka nikapita Dirah nikamchukulia fungu la mrehani, nimeufunga kwenye kitambaa kilichorowa. Sijui kwa nini siku ile na si siku nyingine. Nilimkuta kakaa kitandani, mwembamba, dirisha wazi. Nikamfungulia kitambaa mapajani.

Akauinua mpaka puani. "Huu wa kuvaa," akasema.

"Kule walikuwa wakiula."

"Assunta yule." Akacheka, kikohozi kikamkamata, akacheka tena. "Alivyotafuna. Nikasema mwanamke huyu atameza na maua ya harusi yake."

Nikaona nikiiacha siku hii ipite haitarudi. Nikamwambia, "Mama, mie ndiye niliyesema. Kule. Nilimwambia Nuf kuwa unaolewa na Pietro. Niliapa."

Hakuinua kichwa. Alikuwa akichambua vishada, vikubwa huku, vidogo huku, kwa ule mkono mmoja mzima.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia lini?"

"Siku ileile. Mie nakata vitunguu, nyie mko chini ya dirisha. Na wewe sauti yako ilikuwa kubwa."

Halafu hasira zikanipanda, hasira za miaka arobaini, na mwenye kustahili sijui nani. "Mbona hukutoka, mama? Ungetoka ukanizaba kofi, ukamwambia Nuf huyu muongo, yangekwisha palepale. Khelefu tusingemjua."

"Nilikwisha kuweka kisu chini nitoke."

"Sasa?"

"Ukasema nyumba itakuwa yetu." Akachukua kishada kingine. "Ukasema na kuku. Nikasema, ngoja kidogo. Halafu ukasema mlango wa jikoni hautafungwa. Lilikuwa neno tamu, mwanangu. Hakuna mtu aliyepata kunisemea maneno yale. Nikasema mwache amalize, nilisikie mpaka mwisho, ndipo nitoke. Ulipomaliza, Nuf alikwisha kunipita mbio kwenda kwa mama yake."

Nje mtu alikuwa akiburuta mtungi wa gesi kwenye ngazi. Mama akanipa kishada alichokichagua, akageuza kichwa. Nywele zake zilikuwa chache mno, kishada hakishiki. Nilijaribu mara tatu. Mwisho nikavua pini kwenye mtandio wangu nikambania nayo.

"Kaa hapo nikuone," akaniambia, kana kwamba mie ndiye niliyevalishwa.

Basi wiki iliyopita, nimesimama Dirah, yule Mbangali kachoka kunisubiri. "Hajja, unachukua?" Nikamwambia nipe fungu zima, lile kubwa. Kalifunga kwenye gazeti, kaniuliza leo napika nini.

Nikamwambia sipiki.